Summitt au Auriemma: kocha wa timu ya wasichana aanzie kwa nani?

Kuanzia Januari 1995 hadi Januari 2007, timu za mpira wa kikapu za wanawake za Chuo Kikuu cha Tennessee na Chuo Kikuu cha Connecticut, vyote vya Marekani, zilikutana mara 22. Connecticut ya Geno Auriemma ilishinda 13, Tennessee ya Pat Summitt ikashinda 9. Mashabiki bado wanabishana nani alikuwa mkubwa. Kocha ana haja tofauti: ana timu ya wasichana, saa chache kwa wiki, wachezaji wasiolingana uwezo, na anataka kujua afundishe ya nani kwanza. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake.

Jibu letu tulitoe mapema. Anza na ulinzi na ribaundi (kuunyakua mpira mtupo unapokosa) za Summitt. Mashambulizi ya Auriemma yafuate timu ikishajua kukaa mahali pake. Na ukiuchukua ulinzi wa Summitt, chukua pamoja nao kipigo alichopewa mwaka 2000, maana ndicho kinachoonyesha ulinzi huo unavunjwa wapi.

| | Pat Summitt | Geno Auriemma |
|---|---|---|
| Chuo | Tennessee, 1974–2012 | Connecticut, tangu 1985 |
| Mataji ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo vya Marekani) | 8 | 12 (hadi 2025) |
| Kufika timu nne bora za NCAA | 18 | 24 (hadi 2025) |
| Rekodi | ushindi 1,098, vipigo 208 | ushindi zaidi ya 1,217, karibu asilimia 88 |
| Dhahabu ya Olimpiki akiwa kocha mkuu | 1984 | 2012 na 2016 |
| Wakikutana wenyewe | 9 | 13 |

Jedwali hili lisomwe kwa uangalifu. Summitt alipokabidhiwa timu akiwa na miaka 22 alilipwa dola 250 kwa mwezi, akaendesha gari la timu na kufua jezi mwenyewe. NCAA ilikuwa haijaanza mashindano ya wanawake. Yalianza 1982, kwa hiyo misimu yake saba ya kwanza haikuwa hata na taji la NCAA la kugombania. Tena, mataji ya Auriemma hayakupatikana yote mbele ya Summitt aliye kileleni. Hadi mwaka 2008, Summitt aliponyanyua taji lake la mwisho, yeye alikuwa na 8 na Auriemma 5. Saba nyingine za Auriemma zilikuja kuanzia 2009. Upande wa pili, anayedhani Auriemma alikuta timu iliyokwisha jengwa amekosea: alipofika Connecticut mwaka 1985, programu ile ilikuwa imewahi kumaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Msimu wake wa kwanza alishinda 12, akapoteza 15, na hajawahi tena kuwa na msimu wa namna hiyo. Summitt hakuwahi kuwa nao hata mmoja katika miaka 38.

Ulinzi: Summitt, pamoja na tahadhari yake

Ulinzi wa Tennessee ulikuwa wa mtu kwa mtu, wenye kukataza pasi. Mlinzi aliye karibu na mpira hakusubiri mpinzani apokee ndipo aanze kumkaba. Alisimama katika njia ya pasi, mkono mmoja mbele, kidole gumba kikielekea chini ili kiganja kiutazame mpira. Lengo ni kwamba kila pasi ya kawaida igeuke kazi. Mpinzani akipokea mita mbili mbali zaidi na kikapu kuliko alivyozoea, mpango wake wote unachelewa.

Kwa timu changa faida ni kubwa, kwa sababu ulinzi huu haudai mchezaji mrefu wala mpigaji stadi. Unadai miguu, pumzi na sauti. Sauti tunaisisitiza. Tamika Catchings, aliyechezea Tennessee 1997 hadi 2001, alizaliwa na tatizo la kusikia, na bado akawa mmoja wa walinzi bora kabisa wa mchezo huu. Baadaye alichaguliwa mlinzi bora wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, mara tano. Timu yenye wasichana wenye masikio mazima inayolinda kimya haina kisingizio.

Namna ya kuufundisha, kwa hatua, wanne kwa wanne katika nusu ya uwanja:

1. Washambuliaji wanne wasimame nje, wapige pasi bila kudunda mpira, wakishika sekunde mbili kabla ya kuuachia. Walinzi wahame mpira ungali hewani. Anayehama baada ya mpira kupokelewa amechelewa. Dakika tatu zinatosha.
2. Weka kanuni ya umbali. Mpinzani aliye pasi moja kutoka kwenye mpira anakatazwa pasi. Aliye pasi mbili anaachwa, na mlinzi wake anaweka mguu mmoja ndani ya eneo la sekunde tatu (lile lililochorwa mbele ya kikapu), akiuona mpira na mtu wake kwa pamoja.
3. Ruhusu washambuliaji wakate kuelekea kikapuni. Mlinzi anamkata njia kwa kifua, si kwa mikono.
4. Ruhusu kudunda na kupenya. Anayesaidia ni yule wa pasi mbili, na mwenzake anashuka kuziba pengo aliloliacha.
5. Cheza hadi ribaundi. Walinzi hawatoki mpaka wazuie mara tatu mfululizo.

Usiende hatua ya nne kabla ya ya pili kukaa sawa. Makocha wengi huharibu hapa: wanafundisha kukataza pasi kwa wiki mbili, wanafurahia mipira inayoibwa, wanasahau msaada wa nyuma. Timu hiyo huwapiga wanyonge kwa pointi 40, na siku inapokutana na timu inayojua kupiga pasi inafungwa leiapu (mitupo ya karibu kabisa na ringi) kumi.

Ndilo lililoipata Tennessee yenyewe katika fainali ya 2000 mjini Philadelphia. Miezi miwili kabla yake Tennessee ilikuwa imeshinda 72–71 nyumbani kwa Connecticut, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema timu hazikulingana. Tennessee ilikuwa na bahati mbaya pia: mchezaji wake Kristen Clement aliumia kifundo cha mguu siku ileile ya mchezo. Lakini kilichoamua fainali kilikuwa cha kiufundi. Auriemma aliupeleka mpira kwa mchezaji aliyesimama kwenye kona ya mstari wa mitupo huru. Walinzi wa Tennessee wa pembeni, mikono yao ikiwa katika njia ya pasi, walikuwa wamewapa wapinzani wao mgongo wa bure. Wapinzani wakakata nyuma yao, pasi ikadundishwa, leiapu. Ikarudiwa, tena na tena. Ulinzi ukiusukuma mchezo nje kwa nguvu kiasi hicho, katikati hubaki wazi, na timu iliyozoea kusomana hulipata pengo hilo. Shea Ralph wa Connecticut akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano, mwenzake Kelly Schumacher akazuia mitupo 9, na Connecticut ikashinda 71–52.

Tiba zipo tatu, na zote hufundishika. Ya kwanza: mpira ukiingia kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, walinzi wote wa pembeni waache kukataza pasi papo hapo na kurudi hatua mbili kuelekea kikapuni. Toa neno moja la kuita, kwa mfano "ndani!", na kila mtu alitamke. Ya pili: mlinzi wa mchezaji wa kona hiyo ndiye amkataze pasi zaidi ya wote, maana yeye ndiye mlango. Ya tatu: mlinzi aliyekatiwa nyuma asigeuke kuufuata mpira. Amgeukie mtu wake, anyooshe mkono, akimbie naye. Wasichana wapya hugeuka kuutafuta mpira, na katika sekunde hiyo moja wameshampoteza mtu.

Kuna jambo la sheria ambalo kocha wa nje ya Marekani lazima alijue. Chini ya sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, timu ina sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja. Mchezo wa wanawake wa NCAA haukuwa na kikomo cha kuvuka nusu hadi msimu wa 2013–14, Summitt akiwa ameshastaafu. Maana yake kila presi (kumkaba mpinzani tangu upande wake) ya uwanja mzima aliyoiendesha chuoni ilikosa msaada wa saa ya kuvuka nusu. Wewe unao. Presi inayomchelewesha mpiga dribo (anayedunda mpira) hadi sekunde ya sita imefanya kazi hata kama haijaiba mpira, kwa sababu mpinzani anabaki na sekunde 18 tu kati ya 24 za kutupa, naye amechoka.

Lakini faulo nazo zina bei. Katika FIBA faulo ya tano inamtoa mchezaji, na kuanzia faulo ya tano ya timu katika robo mpinzani hupewa mitupo huru miwili. Ulinzi wa kukataza pasi huzaa faulo za mikono. Weka kanuni ya benchi: timu ikifikisha faulo tatu kabla ya dakika ya tano ya robo, walinzi wote warudi hatua moja mpaka robo iishe. Na mchezaji wako bora akipata faulo mbili robo ya kwanza, mweke benchi. Fainali ya 1995 kule Minneapolis inafundisha hili. Nyota wa Connecticut walizongwa na faulo kipindi cha kwanza, timu ikaenda mapumziko iko nyuma. Ilishinda 70–64 kwa kuwa walikuwapo kumalizia, na msimu ukafungwa kwa ushindi 35 bila kipigo.

Watu wanaomsifu Auriemma kwa mashambulizi husahau kwamba timu zake hulinda vilevile. Tofauti ni kwamba yeye hulinda kikapu zaidi kuliko njia za pasi: mlinzi hukaa kati ya mtu wake na kikapu, mtupo wa mbali unakabiliwa kwa mkono ulioinuliwa, na nyuma kuna mrefu wa kuzuia. Ni ulinzi wenye faulo chache na wenye subira. Ukiwa na msichana wa mita 1.88 anayejua kuruka kwa wakati, utumie. Kama mrefu wako ni wa mita 1.75, utakaa nyuma ukingoja msaada usiokuwepo, na hapo Summitt ndiye chaguo.

Ribaundi

Hapa hatuoni ubishi. Summitt aliichukulia ribaundi kama kazi ya utashi kabla haijawa kazi ya urefu, na mataji yake yanashuhudia. Timu ya 1997 ilipoteza michezo 10 na bado ikawa bingwa. Timu ya namna hiyo haishindi kwa uzuri wa mitupo. Inashinda kwa sababu mtupo uliokosa unarudi mikononi mwake.

Kwa ulinzi, fundisha mambo matatu kwa mfuatano: mguse mpinzani wako kwa mkono mara mpira unapotupwa ili ujue alipo, geuka umzibe kwa mgongo na makalio, miguu mipana, ndipo uufuate mpira. Kosa la kawaida ni kuanza na la tatu. Zoezi ni mmoja kwa mmoja ndani ya duara la katikati: mpira uwekwe chini, mlinzi amzuie mwenzake asiuguse kwa sekunde tano. Kila mmoja mara sita, kila siku ya mazoezi. Ni dakika nne tu, na hakuna dakika nne nyingine zinazolipa kama hizi.

Kwa mashambulizi, tuma watatu kwenye ribaundi, mmoja abaki karibu na mstari wa mitupo huru, mmoja arudi kulinda. Wafundishe kwamba mtupo unaokosa kutoka kona au pembeni huangukia upande wa pili mara nyingi zaidi, kwa hiyo mchezaji wa upande ule asisimame kutazama. Katika FIBA ribaundi ya mashambulizi hurudisha saa kwenye sekunde 14. Zinatosha kwa pasi mbili au tatu, kwa hiyo mchezaji aliyezungukwa na watatu chini ya ringi autoe mpira nje. Wasichana wengi huurudisha juu kwa pupa na kuzuiwa, na jasho lote la ribaundi linapotea.

Mashambulizi: hapa Auriemma anampita

Tunasema hivyo tukijua Summitt alikuwa na Chamique Holdsclaw na Candace Parker, na kwamba timu yake ya 1998 ilimaliza 39–0, yaani ushindi 39 bila kipigo. Lakini wachezaji wale walikuwa wa ajabu, na kocha wa shule hawezi kukopi Holdsclaw. Anaweza kukopi namna Connecticut inavyopiga pasi.

Ushahidi mzuri ni msimu wa 2002–03. Mwaka mmoja kabla, Connecticut ilikuwa 39–0, na wachezaji wake wanne, Sue Bird, Swin Cash, Asjha Jones na Tamika Williams, wakachukuliwa ndani ya sita wa kwanza katika uteuzi wa WNBA. Alibaki Diana Taurasi na kundi la wadogo. Wakapoteza mchezo mmoja msimu mzima, wakaifunga Tennessee 73–68 fainali. Taurasi alifunga 28, na hatumpunguzii sifa. Hata hivyo mfumo uliwawezesha wadogo kujua waende wapi kila mpira unapohama.

Mambo yenyewe si mengi. Wanne wakae nje, mmoja kwenye kona ya mstari wa mitupo huru. Umbali kati ya mchezaji na mchezaji uwe mita 4 hadi 5. Ukipungua, mlinzi mmoja analinda wawili. Kisha kanuni nne:

- Ukipiga pasi, usisimame. Kata kuelekea kikapuni, au nenda ukamwekee mwenzako kizuizi (simama katika njia ya mlinzi wake) upande wa pili.
- Mlinzi wako akiweka mkono katika njia ya pasi, mkate kwa nyuma.
- Mwenzako akidunda mpira kuja upande wako, mkate mlinzi wako kwa nyuma. Kuja kwake ndiyo ishara.
- Aliyekata asipopewa, atoke upande wa pili. Asibaki chini ya ringi.

Kanuni ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Msichana aliyekata hukaa ndani akiomba mpira, mlinzi wake naye anakaa ndani, na njia ya anayemfuata imefungwa. Kosa la pili ni kukata mapema, kabla mwenye mpira hajainua macho. Mkataji asubiri hadi aone macho ya mwenzake, achukue hatua moja nje kana kwamba anaijia pasi, ndipo abadilishe mwelekeo. Kosa la tatu ni aina ya pasi: ya kifuani hukatwa na mkono uleule unaokataza. Pasi ya kumpa anayekata nyuma idundishwe, na ipigwe mbele ya mkimbiaji, si kwenye mwili wake.

Mchezaji wa kona ya mstari wa mitupo huru achaguliwe kwa macho yake kabla ya urefu. Akipokea, atazame kwanza wakataji, kisha kikapu. Connecticut imekuwa na wachezaji wengi warefu wanaopiga pasi kama wafupi. Breanna Stewart ni mfano ulio wazi. Kama msichana wako mrefu kuliko wote hupoteza mpira akiushika mbali na kikapu, muweke pembeni ya ringi, na kona mpe mwenye pasi nzuri hata kama ana mita 1.65.

Sasa sheria tena, maana hapa zinamgeuka Auriemma. NCAA ya wanawake ina sekunde 30 za kutupa, FIBA 24. Ukitumia 7 kuvuka nusu, unabaki na 17, na pasi yenye mkato hula takribani sekunde mbili na nusu. Una pasi sita, labda saba. Mfumo unaotembea polepole kutafuta mtupo mzuri kabisa utakuishia saa ikilia. Weka mpango wa sekunde 6 za mwisho: mpira urudi kwa mpiga dribo wako bora, kizuizi kimoja juu, wengine wapanuke. Pia eneo la sekunde tatu la FIBA lina upana wa mita 4.9, la NCAA mita 3.66. Mchezaji wa pembeni ya ringi anayetazama video za Connecticut na kuiga nafasi ileile atajikuta amesimama ndani na kupigiwa sekunde tatu.

Wiki ya kwanza ya mfumo huu, chezeni watano kwa watano bila dribo kabisa. Itachukiza siku mbili. Siku ya tatu utaanza kuona mikato.

Kwa timu iliyopo mwaka wa kwanza, tunapendekeza kanuni mbili tu kati ya nne: ya kupiga na kukata, na ya kutoka upande wa pili. Mbili za kukata nyuma zije pale timu yako yenyewe imezoea kukataza pasi mazoezini, kwa sababu bila mlinzi anayekataza, hakuna wa kumkata nyuma. Hii ni sababu nyingine ya kuanza na Summitt: ulinzi wake unatengeneza mwalimu wa mashambulizi ya Auriemma ndani ya uwanja wako mwenyewe.

Mazoezi

Wote wawili walitumia wanafunzi wa kiume kama wapinzani wa mazoezini. Auriemma aliongeza ugumu: watano wake wa kwanza hushambulia walinzi sita au saba, wakati mwingine zaidi. Kupata nafasi dhidi ya saba kunalazimisha pasi ya haraka, na mechi ya watano kwa watano huonekana pana.

Kabla hujaita wavulana wa shule jirani, fahamu kwamba jambo hili lina upande wake mbaya. Mwaka 2006 kamati ya michezo ya wanawake ya NCAA ilitaka litupiliwe mbali, kwa hoja kwamba linawanyima mazoezi wasichana wa benchi. Hoja ina uzito. Timu yenye wachezaji 12 inayotumia wavulana saa nzima huwa na wasichana saba wanaotazama. Kadiri: dakika 20 katika zoezi la dakika 90, wavulana wasizuie mtupo kutoka juu, na kila zamu ichanganye watatu wa kwanza na wawili wa benchi. Bila wavulana, weka wasichana saba dhidi ya watano. Ni bure na inafanya kazi ileile.

Mgawanyo wa dakika 90 kwa timu inayofuata pendekezo letu: 10 za kupasha mwili kwa pasi na leiapu, 25 za ulinzi kwa hatua tulizotaja, 10 za ribaundi, 20 za watano dhidi ya saba, 15 za mitupo, zikimo mitupo huru wakiwa wamechoka, na 10 za mchezo kamili wenye saa na alama. Andika mpango kwenye karatasi wenye dakika, na zoezi likiisha muda wake, lifunge hata kama halijapendeza. Utalirudia kesho.

Kusema na wachezaji

Summitt alikuwa mkali na aliyepangika. Wachezaji wake walitakiwa kukaa safu tatu za mbele darasani na kutokosa vipindi, na kila aliyemaliza miaka yake ya kucheza Tennessee alihitimu. Wakati wa mapumziko aliwaacha kwanza wazungumze wenyewe juu ya walichokosea, kisha akaingia. Hili la mwisho liige kesho. Dakika tatu za wachezaji wakisema wenyewe "tunaachia pasi ya kona" zina nguvu kuliko kumi za kocha kupiga kelele.

Auriemma ni mwenye ulimi. Huwachokoza wachezaji, na huwa mkali zaidi kwa nyota wake kuliko kwa wa mwisho benchini. Hilo la pili ni la kujifunza: nyota akikosolewa mbele ya wote, mdogo hana nafasi ya kulalamika. Ulimi wenyewe usiuige. Anauweza kwa sababu amekaa na wasaidizi walewale miaka mingi, Chris Dailey akiwa naye tangu 1985, na mchezaji aliyeumizwa na neno ana mtu wa kumtuliza. Kocha aliye peke yake na wasichana wa miaka 15 akianza kejeli hupoteza watatu ndani ya mwezi.

Upinzani wao wenyewe uliisha vibaya. Baada ya msimu wa 2007, Summitt alikataa kuendelea na michezo ya kila mwaka dhidi ya Connecticut, baada ya malalamiko ya Tennessee kuhusu namna mchezaji Maya Moore alivyosajiliwa na Connecticut. Mwaka 2011 Summitt alitangaza kuwa ana ugonjwa wa Alzheimer ulioanza mapema, na baada ya hapo Auriemma alitoa dola 10,000 kwa mfuko ambao Summitt alianzisha. Summitt alifariki Juni 2016. Timu hizo zilianza tena kukutana Januari 2020.

Kwa hali yako

Mashindano yakiwa wiki sita mbele: Summitt peke yake. Ulinzi, ribaundi, na kanuni mbili za mashambulizi.

Ukiwa na timu ileile miaka miwili au zaidi: mwaka wa kwanza Summitt, wa pili Auriemma, bila kuacha zile dakika nne za ribaundi.

Ukiwa na wachezaji wanane tu, usithubutu presi ya uwanja mzima kwa dakika 40. Presi baada ya kufunga mtupo huru na baada ya kusimamisha mchezo tu. Nyuma ya hapo linda kama Auriemma, karibu na kikapu, maana wachezaji watano wenye faulo nne kila mmoja hawawezi kumlinda mtu.

Ukiwa na mpigaji mmoja hodari na wanne wa kawaida, mashambulizi ya Auriemma yatamsaidia kuliko kumwachia mpira. Anayekata bila mpira ni mgumu kumkaba wawili kwa mmoja.

Kabla ya kuamua, tazama michezo miwili kamili. Wa kwanza ni nusu fainali ya 1996 mjini Charlotte, Tennessee 88 Connecticut 83 katika muda wa nyongeza. Kila mtupo wa Tennessee unapokosa, simamisha picha uhesabu jezi za Tennessee ndani ya mita tatu za ringi. Wa pili ni fainali ya 2000. Puuza mpira. Mtazame mlinzi wa Tennessee wa pembeni kila mpira unapofika kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, na uangalie miguu yake inaelekea wapi wakati mtu wake anapoondoka.